Wasokota Siga Walikuwa na Chama ya Vitabu: Historia ya Kulipia Kusomewa, na Venye Pesa Yako Isiende Bure

Kuna pesa hutoka kwa simu ya msee kila mwezi bila kelele. Zamani ilikuwa ya muziki na filamu. Siku hizi hata vitabu vya kusikiliza vimeingia kwa hiyo foleni. Audible, ambayo ndiyo kubwa kwa hii biashara, huitisha dola 14.95 kwa mwezi kwa mpango wake wa krediti moja. Kwa bei ya dola ya saa hii hiyo ni kama shilingi 1,900 zetu. Kwa mtu anayeishi keja, hapo ni mtungi mdogo wa gesi umejazwa na chenji imebaki.

Kwa hivyo swali mnaloniuliza kila wiki ni la haki kabisa: hii kitu inalipa ama tunaliwa?

Mimi niliacha chuo, na mengi niliyojifunza tangu hapo yameingilia masikioni, nikiwa kwa mathree ama nikifua. Siichukulii kama anasa. Lakini jibu langu halianzi na simu. Linaanza zaidi ya miaka 180 iliyopita, kwa sababu hii biashara ya kulipa kidogo kidogo ili upate vitabu usivyoweza kununua ni ya kitambo sana. Kuna watu walifaidika nayo vibaya sana, na kuna watu iliwafinya. Ukiona tofauti yao ilikuwa wapi, utajua kama hiyo 1,900 itoke ama ibaki.

Gini moja kwa mwaka

Tuanzie London. Mwaka 1842 jamaa anayeitwa Charles Edward Mudie alianza kuazimisha watu vitabu kwa ada ya mwaka. Ada yenyewe ilikuwa gini moja, yaani shilingi 21 za Kiingereza za wakati huo. Ukishalipa, unachukua juzuu moja, unasoma, unarudisha, unachukua ingine, hivyo hivyo mwaka mzima.

Sasa linganisha na bei ya kununua. Riwaya mpya ya wakati huo ilikuwa inagawanywa juzuu tatu, na zote tatu ziliuzwa shilingi 31 na peni 6. Yaani riwaya moja dukani ilikuwa ghali kuliko mwaka mzima wa uanachama. Kama wewe ni mtu wa kusoma, hapo hata huhitaji kikokotoo.

Lakini rudi usome masharti polepole. Juzuu moja kwa wakati. Riwaya ni juzuu tatu. Mwenye gini moja alilazimika kurudi mara tatu ndio amalize stori moja, na akikuta juzuu ya pili iko kwa mtu mwingine, anakaa na hamu yake. Aliyetaka kubeba juzuu kadhaa kwa mpigo alilipa zaidi. Kwa Mudie hiyo ilikuwa tamu: kitabu kimoja kinaweza kuwa kwa nyumba tatu siku moja. Wachapishaji nao hawakulalamika kwa sababu Mudie alinunua nakala nyingi. Nani alibaki kubeba mzigo? Waandishi. Ilibidi stori ivutwe ifike juzuu tatu hata kama ilikuwa na nyama ya juzuu moja na nusu. Ukiwahi kusoma riwaya ya Kiingereza ya zama hizo ukashangaa mbona hawa watu wanazunguka mti mmoja kurasa 60, sasa unajua sababu moja.

Kulikuwa na kitu kingine. Mudie alijiona kama mzazi wa wateja wake, anachuja kinachofaa familia. Alipokataa kusambaza riwaya ya George Moore, A Modern Lover, iliyotoka mwaka 1883, Moore hakunyamaza. Mwaka 1885 alitoa kijitabu, Literature at Nurse, akimrarua hadharani. Hoja ilikuwa rahisi: mtu mmoja mwenye maktaba asiamue taifa zima lisome nini.

Mwaka 1894 kampuni ya Mudie na ile ya mshindani wake, W. H. Smith, zilitangaza hazitalipa tena bei ile ya juzuu tatu. Ndani ya miaka michache mtindo wa juzuu tatu ukaisha. Fikiria hiyo. Umbo zima la riwaya liliishi kwa sababu ya masharti ya uanachama, na likafa masharti yalipobadilika.

Hapo ndipo napata somo la kwanza. Kila mpango wa vitabu una kitu unachohesabu, na hicho kitu ndicho kitaamua kama unafaidika. Mudie alihesabu juzuu. Mpango wa krediti wa Audible unahesabu vitabu: cha saa 3 kinakula krediti moja, cha saa 40 pia krediti moja. Spotify ilipoanza kuwapa wateja wa Premium vitabu mwaka 2023 huko Uingereza, Australia na Marekani, ilihesabu saa: 15 kwa mwezi. Kitabu kirefu ni bahati kwa mpango wa kwanza na ni hasara kwa wa pili. Msee akikuambia mpango fulani ni poa bila kukuambia unahesabu nini, hajakuambia kitu.

Chama ya Havana

Sasa tuvuke bahari twende Cuba, kwa stori ninayoipenda kuliko zote kwa hii historia.

Havana, mwaka 1865. Kusokota siga, zile sigara nene za matajiri, ni kazi ya kukaa na kutumia vidole. Watu wengi wako kwa ukumbi mmoja, meza zimepangwa kama darasa, hakuna mashine inanguruma. Mikono iko na kazi siku nzima. Masikio hayana.

Kwa kiwanda kilichoitwa El Fígaro, wafanyakazi waliamua hivi: mmoja wetu ataacha kusokota, atasoma kwa sauti, na sisi wengine tutamfidia mshahara anaoupoteza. Mmoja wa waliosukuma hilo wazo alikuwa Saturnino Martínez, msokota siga na mshairi, ambaye mwaka huohuo alianzisha gazeti la wafanyakazi lililoitwa La Aurora.

Angalia vizuri nani alilipa. Mwenye kiwanda hakulipa. Serikali haikulipa. Walichanga wenyewe, kutoka mfukoni, ili wasomewe. Hiyo ni chama, wasee. Chama ya vitabu vya kusikiliza, miaka kumi na mbili kabla Thomas Edison atengeneze mashine ya kwanza ya kurekodi sauti na kuirudisha mwaka 1877.

Serikali ya kikoloni ya Uhispania haikuchukua muda. Mwaka 1866 ilipiga marufuku kusoma viwandani. Iliona mtu anayesomewa gazeti na vitabu siku nzima ataanza kuuliza mbona analipwa venye analipwa. Na kusema ukweli, hiyo hofu ilikuwa na msingi.

Desturi haikufa. Ilirudi, na wasokota siga wa Cuba walipohamia Florida walienda nayo, hadi Key West na Ybor City pale Tampa. Huko msomaji alikuwa mtu wa heshima. Alikaa juu ya jukwaa ndiyo sauti ifike nyuma. Alisoma magazeti, halafu ikifika zamu ya riwaya anaendelea pale alipoachia jana. Na riwaya yenyewe ilichaguliwa kwa kura ya wafanyakazi. Victor Hugo, Cervantes, Alexandre Dumas. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga shule anamaliza Don Quixote akiwa kazini, na jioni anabishana juu yake. Stori ya Dumas ya Count of Monte Cristo ilipendwa kiasi kwamba kuna siga zilizoanza kuuzwa Cuba mwaka 1935 kwa jina la Montecristo, na zinauzwa mpaka leo.

Mimi huangalia hii chama na kuona vitu vitatu ambavyo sisi wa simu tumepoteza bila kujua. Walikuwa na saa maalum ya kusikiliza, kwa sababu ilikuwa ndani ya kazi. Walichagua kitabu wenyewe. Na walisikiliza pamoja, kwa hivyo hakuna mtu aliacha kitabu katikati, kwa sababu kesho meza nzima itaongea juu ya ile sehemu.

Mwaka 1931 wenye viwanda Tampa waliwaondoa wasomaji, wakisema wanaeneza siasa kali. Wafanyakazi wakagoma. Wakashindwa. Baadaye redio zikaingia ukumbini.

Sasa hapa kuna kitu. Redio ilikuwa bure. Kwa hesabu ya kawaida, wafanyakazi walipaswa kushukuru: hakuna tena kuchanga kila wiki, na muziki juu. Lakini walikuwa wamegoma ili waendelee kulipa, kwa sababu walijua walichokuwa wananunua. Walichokuwa wananunua ni kuchagua. Kwa redio anachagua mwingine. Kila nikiona programu inanichezea chochote yenyewe baada ya kitabu kuisha, nakumbuka hao wasee.

Huko Cuba kwenyewe wasomaji hawakuisha. Mwaka 2012 nchi ilitangaza kazi yao kuwa urithi wa utamaduni wa taifa.

Kutoka sahani hadi mfukoni

Hii sehemu nitaipita haraka, lakini ni lazima muijue.

Vitabu vilivyorekodiwa vilianza kwa ajili ya watu wasioona. Marekani, Maktaba ya Bunge na shirika la American Foundation for the Blind walianza kutoa vitabu kwa sahani za santuri mwaka 1934. Uingereza ikafuata mwaka 1935, na nyuma ya huo mradi kulikuwa na askari waliopofuka kwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kati ya vitabu vya kwanza huko kulikuwa na The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie. Upande mmoja wa sahani ulibeba sehemu ndogo tu ya kitabu, kwa hivyo riwaya moja ilikuwa rundo zito la sahani. Na wenye hakimiliki waliruhusu kwa sharti kwamba anayeona hatavigusa. Kwa hivyo kwa miaka mingi watu wasioona walikuwa na kitu ambacho wengine wote hawakuruhusiwa kukipata. Tukijisifu na eafoni zetu leo, tukumbuke nani alitangulia.

Mwaka 1952 New York, mabinti wawili wa miaka 22, Barbara Cohen na Marianne Roney, walianzisha kampuni ya Caedmon na kumrekodi mshairi Dylan Thomas akisoma kazi yake. Miaka 22. Nawaachia hapo mfikirie.

Halafu mwaka 1975 akaja Duvall Hecht huko California, jamaa aliyekuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki ya kupiga makasia mwaka 1956. Alikuwa anaendesha gari umbali mrefu kwenda kazini na redio imemchosha. Akaanzisha Books on Tape. Unakodisha kanda za kitabu kizima, zinakuja kwa posta ndani ya boksi, unasikiliza, unarudisha kwa posta. Angalia alichokiona: mtu mwenye mikono bize na masikio yasiyo na kazi. Ni ukumbi wa Havana ule ule, isipokuwa kila mtu sasa yuko peke yake ndani ya gari lake.

Mwaka 1995 mwandishi wa habari Don Katz akaanzisha Audible. Mwaka 1997 wakauza kifaa cha kubeba mfukoni kilichobeba karibu saa mbili tu za sauti, miaka minne kabla ya iPod. Mwaka 2008 Amazon ikainunua kampuni kwa karibu dola milioni 300. Kutoka hapo krediti ya kila mwezi ikawa kitu cha kawaida.

Na huku kwetu kulikuwa na baa

Msidhani Kenya tulikuwa tumekaa tu. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini siku ya mwisho ya 1977, akafungiwa Kamiti karibu mwaka mzima. Ndani ya selo aliandika riwaya kwa Gĩkũyu kwenye karatasi za chooni: Caitaani Mũtharabainĩ. Ilichapishwa mwaka 1980.

Kilichofuata amekieleza mwenyewe kwa Decolonising the Mind, kitabu chake cha 1986. Watu hawakukisoma kila mtu kivyake. Familia zilikaa jioni, mmoja anasoma, wengine wanasikiliza, hata wale hawakujua kusoma. Wafanyakazi walisomeana saa ya chakula. Kilisomwa kwa mabasi, kwa teksi, na kwa baa. Kwa baa kukatokea wasomaji wa kazi. Jamaa anasoma, stori inafika mahali pamoto, anaangalia glasi yake, imeisha. Anaweka kitabu chini. Watu wanaanza kupiga kelele, huyu aongezwe chupa! Chupa inakuja, stori inaendelea.

Cheka, lakini pia fikiria. Hakuna mtu ndani ya hiyo baa alilipia sura ambayo hakusikia. Pesa na kusikiliza vilitembea pamoja, hatua kwa hatua. Uanachama wa simu umegeuza hiyo. Pesa inatoka tarehe fulani, usikilize usisikilize. Na kampuni haina sababu kubwa ya kukukumbusha, kwa sababu mwezi ambao hukugusa kitu ndio mwezi uliwapatia pesa rahisi zaidi.

Hiyo ndiyo tofauti niliyowaambia mwanzoni. Waliofaidika, kuanzia Havana hadi baa zetu, walilipia masikio yaliyokuwa tayari yanasikiliza. Wanaoumia hulipia mtu wanayetamani kuwa: yule wa mwaka mpya, anayeamka saa kumi na moja na kumaliza vitabu 52.

Sasa tuongee pesa yako

Anza na hesabu ya saa zako, kabla hujaangalia bei yoyote. Ukitoka Rongai ama Juja kuingia tao na unakaa kwa mathree saa moja asubuhi na saa moja jioni, siku tano, hizo ni saa 10 kwa wiki. Kitabu cha kawaida ni kama saa 8 hadi 12. Wewe unaweza kumaliza kitabu kila wiki, na krediti moja kwa mwezi haitakutosha, itabidi ujazie na vya bure. Lakini kama unafanyia kazi nyumbani na muda wako wa kusikiliza ni kuosha vyombo tu, labda saa 2 kwa wiki, kitabu kimoja kitakuchukua mwezi na zaidi. Hapo kulipa kila mwezi ni kujaza ghala la vitabu ambavyo hujagusa.

Halafu gawanya. Born a Crime ya Trevor Noah, anayoisoma mwenyewe, ni kama saa 9. Kwa krediti ya 1,900 hiyo ni zaidi ya shilingi 200 kwa saa. Kitabu cha saa 40 kwa krediti ileile ni chini ya 50 kwa saa. Lakini usiingie mtego wa kununua urefu, kwa sababu saa ambazo hukusikiliza haziingii kwa hesabu. Ukiacha cha saa 40 ukiwa saa ya 6, umelipa zaidi ya 300 kwa saa, ghali kuliko Trevor. Na kuna vitabu ambavyo sauti yenyewe ndiyo bei. Trevor akiigiza mamake na kuruka kutoka lugha moja hadi ingine, hiyo huwezi kuipata kwa karatasi. Krediti imeenda vizuri hapo.

Usitumie krediti kwa kitabu ambacho tayari ni cha umma. Tangu mwaka 2005 kuna LibriVox, ambapo watu wa kujitolea husoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha, na unapakua bure kabisa. The Count of Monte Cristo iko pale, zaidi ya saa 40. Yaani kitabu ambacho wasokota siga walichangia mshahara wao, wewe unakipata kwa bei ya bando. Shida ni kwamba wasomaji ni wa kujitolea, wengine ni moto na wengine wanasoma kama wanaita majina ya darasa. Sikiliza dakika tano za kwanza. Sauti ikikuudhi sasa, itakuudhi saa ya thelathini.

Na kwa sababu nimetaja bando: sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu MB 29 kwa saa. Kitabu cha saa 10 ni kama MB 290. Pakua mahali kuna Wi-Fi, halafu zima data na usikilize. Ukisikiliza moja kwa moja mtandaoni ukiwa njiani, unalipia kitabu mara mbili.

Jua kipi ni chako na kipi umeazimwa. Kwa Audible, kitabu ulichonunua kwa krediti hubaki kwa akaunti yako hata ukijiondoa. Vile vingi vya orodha ya bure ya wanachama vinaenda na uanachama wako, kama juzuu za Mudie. Na krediti ambazo hujatumia zinapotea ukijitoa, na hata usipojitoa zinaisha muda baada ya mwaka. Kwa hivyo mpangilio ni huu: tumia krediti zote kwanza, kisha jitoe, sikiliza ulivyonavyo vyote, halafu rudi ukimaliza. Hakuna sheria inasema uwe mwanachama mwaka mzima. Mwezi ndani, miezi miwili nje, ni sawa kabisa. Ukiingia kwa majaribio ya bure, weka alamu ya siku mbili kabla yaishe, siku hiyohiyo unapojiunga.

Sasa kuna ujanja ambao wasee hupeana: sikiliza kitabu, maliza, kirudishe useme hukupenda, upewe krediti yako. Mimi nasema hapana, na sababu iko kwa hii historia. Mwaka 2020 waandishi wengi waligundua kwamba kitabu kikirudishwa Audible, malipo yao yalikuwa yanakatwa, hata kama msikilizaji alikuwa amemaliza. Walipiga kelele mpaka kampuni ikakubali kwamba kuanzia 2021 mwandishi atalipwa kama kitabu kimerudishwa baada ya siku 7. Kabla ya siku 7, anayeumia bado ni mwandishi. Wasokota siga, maskini wa Mungu, walimlipa msomaji wao. Walevi wa baa walinunua chupa. Kama hukupenda kitabu kweli, rudisha mapema. Kama umekimaliza, umekula.

Mwisho, rudisha chama. Sisemi mpeane nywila. Nasema watu watatu wanne wachague kitabu kimoja kwa kura, kila mtu akipate kivyake, hata kiwe cha LibriVox, na mkubaliane kwamba kufikia Ijumaa mko sura ya kumi. Utashangaa venye kitabu hakiachwi katikati kama kuna mtu atakuuliza. Kinyozi, fundi wa cherehani, mtu wa salon, jamaa wa boda anayengoja mteja: kazi nyingi za vijana hapa ni zile zile za Havana, mikono iko bize na masikio hayana kazi.

Kwa nini nimewaandikia haya yote

Kwa sababu karo imewashinda wengi wetu, na maktaba nzuri haiko kila mtaa. Kitabu sikioni kinaweza kuwa darasa la kweli. Tayari kuna vijana wanaokitumia hivyo. Ila hilo darasa limefungwa ndani ya mikataba iliyoandikwa mbali na sisi, kwa dola, na vitabu vingi vikiwa vya Kiingereza. Vya Kiswahili ni vichache mno ukilinganisha.

Hapo Mudie anarudi. Tuliona venye malipo ya wanachama yaliamua riwaya iwe na umbo gani. Malipo yetu pia yanaamua kitu. Kitabu cha Mkenya kikirekodiwa na sisi tukakipita kwenda kwa kile cha bilionea anayefundisha kuamka mapema, tusishangae kesho kukosa cha pili. Kwa hivyo krediti moja kwa mwaka, angalau moja, iende kwa mwandishi wa hapa, hata kama kitabu chake ni kifupi na hesabu ya saa haipendezi.

Tarehe ya kukatwa ikikaribia, jiulize maswali ambayo chama ya Havana ilikuwa na majibu yake: mwezi huu nasomewa nini, nani alichagua, na nitasikiliza saa ngapi? Ukiwa na majibu matatu, lipa bila kujilaumu. Ukikosa hata moja, jitoe leo jioni, pakua Monte Cristo bure, na ujaze gesi.